Anayeacha pombe Kinanie asiachwe peke yake

Kila maafa ya pombe yanapotokea nchini, serikali hujibu kwa msako. Mwaka 2005 makumi ya watu walifariki Machakos baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mwaka 2014 sumu hiyo hiyo ikaua watu Embu, Kitui, Kiambu na kwingineko, na Februari 2024 kilio kikasikika Kirinyaga. Mara zote mitungi ilimwagwa, mabaa yakafungwa, wauzaji wakapandishwa kizimbani. Msako una kazi yake, na sheria ya kudhibiti vileo ya 2010 haina budi kutekelezwa. Lakini sheria hiyo inamwandama anayeuza. Yule anayekunywa, ambaye ameamka leo akitaka kuacha, hana anayemuuliza atashindaje hadi jioni. Kwa wakazi wa Kinanie, kaunti ya Machakos, naona jibu moja lililo karibu na lisilo ghali: kikundi cha wanaoacha pombe, kinachokutana kila wiki, mahali ambapo mtu atafika kwa miguu.

Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ulionyesha kuwa Mkenya mmoja kati ya 20 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 ni mraibu wa pombe, yaani watu zaidi ya milioni 1.3. Hakuna idadi ya vitanda vya vituo vya urekebishaji itakayowatosha wote hao. Hata anayebahatika kulazwa, siku ya kutoka hurudi kwenye njia ile ile, marafiki wale wale na siku ile ile ya mshahara. Wadi ya Kinanie iko Mavoko, kando ya barabara kuu ya Mombasa, na wengi wameletwa huku na kazi za viwanda na machimbo ya mawe. Mtu aliye mbali na mama, wajomba na ndugu hupata wenzake pale wanapokaa watu jioni, na mara nyingi pale ni penye pombe. Ukimwambia aache kunywa, umemwambia pia aache marafiki wote alio nao. Ndiyo maana ushauri peke yake haufui dafu. Anahitaji watu wengine wa kukaa nao, hasa saa za jioni na mwisho wa mwezi.

Wapo watakaosema hayo ni maneno matamu tu. Ushahidi upo. Mwaka 2020 watafiti wa mtandao wa Cochrane walipitia tafiti 27 zilizohusu watu zaidi ya 10,000, kuhusu Alcoholics Anonymous, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935 na walevi wawili waliosaidiana. Miongoni mwa walioelekezwa kwa utaratibu katika vikundi hivyo, asilimia 42 walikuwa hawanywi kabisa mwaka mmoja baadaye, dhidi ya asilimia 35 ya waliopewa tiba nyingine. Tofauti si ya muujiza, lakini kikundi hakitozi ada. Karibu zaidi nasi, huko Eldoret, wanywaji waliokuwa wakihudhuria kliniki ya virusi vya Ukimwi walikusanywa katika vikao sita vya kila wiki, vikiongozwa na watu wasio madaktari waliofunzwa kazi hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa walipunguza unywaji kuliko wenzao waliopewa mafunzo ya afya ya kawaida.

Pingamizi la kwamba hili ni jambo la kigeni halina uzito Ukambani. Mwethya, desturi ya Wakamba ya kufanya kazi kwa pamoja, ndio uliochimba matuta ya Machakos na kuokoa udongo uliokuwa ukienda na mvua. Watu waliojua kukusanyika kwa ajili ya shamba la jirani hawahitaji kufundishwa kukusanyika kwa ajili ya jirani mwenyewe. Kanisa nalo linasaidia, na ukumbi wake ungefaa sana kwa mikutano, mradi Mwislamu au asiye na dini aingie bila kuulizwa imani yake. Jambo moja tu kikundi kisijitwike: mtu aliyekunywa sana kwa miaka akikatiza ghafla anaweza kupatwa na degedege, hata kufa. Huyo apitie hospitalini kwanza. NACADA ina nambari ya simu isiyolipishwa, 1192, ambayo jamaa zake wanaweza kupiga.

Pingamizi ninalolichukulia kwa uzito ni la aibu. Kinanie watu wanajuana. Atakayeonekana akiingia mkutanoni Jumanne, kufikia Jumatano kila mtu plotini atakuwa na habari. Kanuni ya kutajana majina ya kwanza pekee na kutotoa nje yaliyosemwa ndani inasaidia, ila haimfichi mtu njiani. Afadhali basi viwepo vikundi viwili vinavyojuana, kimoja Kinanie na kingine katika mji jirani wa Athi River, ili anayeogopa macho ya majirani aanzie kule na kurudi akishapata nguvu. Wanawake wawe na kikao chao. Mwanamke anayekunywa huhukumiwa kwa pombe na tena kwa watoto, na hatasimulia hayo mbele ya wanaume anaowajua. Eldoret walitenga wanaume na wanawake tangu mwanzo. Kinanie haitahitaji zaidi ya chumba cha pili na mama mmoja aliyeacha pombe, aliye tayari kufungua mlango.