Tiketi sio shida, shida ni mpango

Watu wangu wa Mikinduri, wacheni kuniambia eti makumbusho ni ya wazungu na watu wa digrii. Mimi niliacha chuo na bado naingia. Beba kitambulisho tu, ulipe bei ya Mkenya.

Nauli ndiyo inakula pesa. Kwa hivyo usiende hadi Nairobi uone kitu kimoja urudi. Enda siku ya kazi. Gari za Meru zinakushusha Tea Room. Tembea mpaka jengo la Kumbukumbu za Kitaifa, Moi Avenue. Pale chini kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais 1966: vinyago, vitambaa, mapambo ya Afrika. Kisha fuata Kenyatta Avenue mpaka Nairobi Gallery, karibu na Nyayo House. Nyumba hiyo ya 1913 ilikuwa ofisi ya mkoloni ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Vitu vingine vya Murumbi viko hapo.

Museum Hill iwe ya mwisho. Kuna tiketi ya kuunganisha na nyoka. Mimi nasema kataa. Nyoka tunao kwa miraa, bure! Hiyo saa iweke kwa picha za Joy Adamson, alizochora za watu wa makabila ya Kenya na mavazi yao kamili. Simama polepole. Sura kama ya babu yako iko ukutani miaka hii yote, na wewe hujawahi enda kumwangalia?

Na malipo ni ya eCitizen, so fungua akaunti kabla bando iishe.