Taa ya injini imezimika? Usishangilie bado
Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sawa, lakini umri hausemi kama masega ya kwenye bomba la moshi bado yapo. Yana platini na paladi, madini ya bei, ndiyo maana watu huyang'oa na kuyauza, na moshi unatoka bila kusafishwa.

Taa ikiwaka? Fundi anafuta kosa kwa mashine, mnunuzi anaambiwa gari liko poa. Ila kosa likifutwa, kompyuta ya gari hufuta pia majibu ya vipimo vyake vya moshi, na kuvikamilisha upya huchukua safari kadhaa. Mashine ikionyesha vipimo havijakamilika, mtu kafuta juzi tu (au betri ilichomolewa). Ukaguzi unaosoma hilo una maana kuliko kuhesabu miaka. Kabla hujalipa, dai mashine ichomekwe mbele yako.