Nyumba Yetu: Burashi Njema Ni Akiba



Katika Katanga, tangu mwezi wa tano hata mwezi wa tisa, mvua hukatika, kuta hukauka, na jamaa nyingi huwaza kupaka nyumba zao. Baba huweka akiba franka kwa franka, kisha huenda dukani kununua rangi. Kopo la rangi ni la bei kubwa. Basi, akibakiwa na fedha kidogo, hutwaa burashi iliyo ya bei ndogo kupita zote. Hapo ndipo hasara inapoanza.

Tulipata kuona mlango uliopakwa hivyo. Nywele za burashi zilikuwa zimenasa katika rangi, na michirizi ilionekana kama shamba lililolimwa. Mwenye nyumba aliilaumu rangi, lakini rangi ilikuwa njema. Chombo ndicho kilichokuwa kibaya. Wazee husema kwamba rahisi ni ghali. Rangi hutumika mara moja tu, bali burashi iliyochaguliwa vema na kutunzwa hufanya kazi miaka mingi.

Jambo la kwanza la kujua ni hili: kila rangi ina burashi yake. Kwa rangi ya mafuta, ile ipakwayo milango na madirisha, yafaa burashi ya nywele za nguruwe. Ncha ya kila unywele wake imegawanyika, kwa hiyo hushika rangi nyingi na kuieneza sawasawa. Lakini ukiitia katika rangi ya maji, nywele hunywa maji, huvimba na kulegea. Kwa rangi ya maji chagua burashi ya nailoni. Chokaa nayo ni kali, hula nywele za mnyama. Kwa chokaa tumia burashi ya nyuzi za mimea. Hata fungu la katani lililofungwa imara kwenye mti na kupondwa ncha laweza kutosha.

Ukiwa dukani usione haya kuijaribu burashi. Ikunje juu ya kiganja: nywele zikirudi upesi mahali pake, ni njema. Zivute kidogo: unywele mmoja au miwili ikitoka si neno, lakini zikitoka kwa wingi, irudishe. Tikisa mpini uone kama pete ya bati inacheza. Kwa ukuta chukua burashi yenye upana wa milimeta 100. Kwa mlango, 50 au 75. Kwa miimo ya madirisha, 25. Ukipenda rola, fahamu kwamba manyoya mafupi ni ya ukuta laini, na manyoya marefu, ya milimeta 20 hivi, ni ya ukuta wenye mashimo kama ule wa matofali mabichi.

Kabla ya kupaka, kwangua rangi inayobanduka, usugue kwa msasa, ufute vumbi. Lakini hapa tunawaonya wazazi. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na risasi, na vumbi lake ni sumu inayodhuru akili za watoto. Hatari hii ilijulikana zamani: mwaka 1921, mkutano wa kimataifa wa kazi uliofanyika Geneva ulipatana kuzuia rangi ya risasi nyeupe ndani ya majengo, isipokuwa kwa sababu chache. Kwa hiyo, kama nyumba ni ya zamani, usiisugue rangi yake ikiwa kavu. Ilowanishe kwanza, watoto na vyakula vikae mbali, kisha okota maganda yote na kupangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji.

Chokaa nayo ina hatari yake. Chokaa iliyotoka tanuuni ikikutana na maji huchemka. Tia chokaa katika maji kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya chokaa. Iache ipoe, uichuje kwa kitambaa, kisha lowanisha ukuta na kupaka mara mbili tatu, nyembamba nyembamba. Ikiruka jichoni, osha kwa maji safi mengi papo hapo, muda mrefu, umwendee mganga hospitalini bila kukawia.

Katika kupaka, chovya theluthi moja tu ya nywele, kisha gonga burashi polepole ndani ya ukingo wa kopo. Mwenye kuizamisha hata mpinini hupoteza rangi, na ile inayoingia chini ya pete hukauka na kuvunja nywele.

Jioni inapofika kila mtu amechoka, na ndipo burashi nyingi zinapokufa. Sisi tunaoandika haya tulijifunza kwa hasara. Tuliiacha burashi nzuri ndani ya kopo usiku kucha, tukisema tutaiosha kesho. Asubuhi ilikuwa ngumu kama mti. Tukanunua nyingine kwa fedha zilizowekwa kwa madaftari ya watoto, na watoto walijua.

Basi, rangi ya maji na chokaa zioshwe kwa maji mara moja. Rangi ya mafuta ioshwe kwa tapentini au mafuta ya taa, mbali na moto, kisha kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Esansi isitumike kamwe, maana mvuke wake hushika moto hata kwa mbali. Nyosha nywele kwa vidole, utundike burashi kichwa chini. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visikunjwe pamoja, kwa sababu vyaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Nanyi wanafunzi, kazi ya kuosha burashi jioni iwe yenu. Ni kazi ndogo, lakini mwaka ujao, baba atakapoitoa burashi ile ile ikiwa laini na safi, mtajua ni nani aliyehifadhi fedha za madaftari yenu. Kitunze kidumu.