Kikande, Mlinzi wa Miamba ya Diani

Maji yakipwa Diani, mashimo ya miamba huonekana yamejaa miiba myeusi. Ni shokishoki wa baharini, wanaokula mwani huku wakikwangua matumbawe. Wakiwa wachache, huzuia mwani usiyafunike matumbawe. Wakizidi, mwamba wenyewe huliwa.

Kwa nini huzidi?

Mwaka 1990, mtafiti Tim McClanahan na mwenzake Shafir walichapisha utafiti uliolinganisha maeneo sita ya miamba nchini Kenya, matatu yaliyolindwa na matatu yanayovuliwa. Katika yanayovuliwa, shokishoki walikuwa wengi zaidi ya mara 100. Adui wao mkubwa ni kikande, samaki mwenye meno makali ya kuvunja miiba na gamba. Kikande akinaswa, shokishoki hubaki bila wa kuwapunguza.

Sokoni kikande hana bei ya changu wala tafi, lakini kazi yake baharini haina mbadala. Hata hivyo, wavuvi wa Diani na Msambweni wanastahili kusikilizwa na kusaidiwa, si kulaumiwa tu. Kwa upande wa zana, juya (wavu wa kukokota) lilipigwa marufuku mwaka 2001, na malema (mitego ya samaki) yenye mianya ya kutokea samaki wadogo yamekwisha kujaribiwa pwani hii.

Kaunti ya Kwale na vikundi vya usimamizi wa fukwe vikubaliane sasa: kikande akinaswa akiwa hai, arudishwe majini, na mvuvi anayekubali kubadili zana apewe malema hayo bila malipo.