Neema ya Samaki Asiyeliwa



Wasomaji wetu wapenzi, juma hili twawaandikia tukiwa tumerejea kutoka Shianda, Kaunti ya Kakamega, tulikokwenda kuwazuru wakwe zetu. Ni safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka kwetu Mombasa, na bahari huko haipo. Kuna mashamba ya miwa na mahindi, na mto Nzoia unaoteremka kuelekea Ziwa Victoria. Lakini adhana ipo, na udugu wetu nao ni wa kale: Uislamu ulifika nchi ya Wawanga pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, zama za Nabongo Mumia.

Kama ilivyo ada ya mgeni wa pwani, tulibeba ng'onda wa nguru na halua. Baada ya swala ya Ishaa, watoto walimzunguka kijana wetu aliyefuatana nasi. Yeye ni baharia Watamu, katika mashua zinazowachukua wageni wanaovua kwa ndoano ya manyoya. Wakamwomba asimulie.

Akawaeleza kwamba chambo cha uvuvi huo si nyama, bali ni kishungi cha manyoya au nyuzi kilichofungwa juu ya ndoano. Ni chepesi mno, hata hakirushiki chenyewe. Uzito uko katika mshipi, nao hupeperushwa mbele na nyuma kwa ufito mpaka ukunjuke juu ya maji. Msimu wa kaskazi, mabaharia humvutia sulisuli nyuma ya chombo kwa chambo kisicho na ndoano. Akikaribia, chambo kile huondolewa upesi, na mvuvi hurusha unyoya wake pale pale. Mara nyingi hukosa. Akimnasa, humfikisha ubavuni mwa chombo; samaki huyo, ambaye aweza kuwa mrefu kuliko mtu, huchomekwa alama ndogo kwa ajili ya utafiti wa shirika la African Billfish Foundation la huko Watamu, kisha huachwa aende zake.

Hapo bibi yao, ambaye kwa desturi ya huko twamwita Kukhu, akaweka kikombe chini.

"Mjukuu wangu, sisi hapa omena twanunua kwa gorogoro, na siku nyingine hatuna hata hiyo. Ninyi mwampata samaki mkubwa namna hiyo, kisha mwamwacha? Hiyo ni shukurani, au ni kuichezea riziki ya Mungu?"

Kimya kikatanda. Kijana akajibu kwa adabu:

"Kukhu, nami nilijiuliza hivyo hivyo siku ya kwanza. Marehemu baba alivua kwa mshipi wa mkono, na kila alichopata kilifika jikoni. Lakini miaka yake ya mwisho alirudi na kapu jepesi. Sulisuli ninayemwacha leo ndiye anayeniletea kazi kesho, na ujira huo ndio uliomsomesha dada yangu. Tena nimejifunza kungoja. Huswali Alfajiri kabla ya kung'oa nanga, na jua likichomoza juu ya maji najua nimepewa kitu kisichouzwa sokoni."

Kukhu akatabasamu. "Kumbe wamla bila kumpika! Basi usimchoshe. Mwachie angali ana nguvu."

Tumerudi na neno hilo. Katika Sura An-Nahl, aya ya 14, Mola anataja bahari aliyotutiishia, nyama yake laini, mapambo yake na vyombo vinavyoipasua. Na neema zote hizo zinaishia katika kutajwa shukurani. Wanazuoni wametufunza kwamba shukurani ni ya moyo, ya ulimi na ya viungo. Hiyo ya viungo ndiyo nzito. Mtume (s.a.w.) alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha, kwa hiyo furaha ya mvuvi haiwi kisingizio cha kumtesa samaki, wala cha kumwacha akiwa hoi. Msomaji ambaye moyo wake hautulii juu ya uvuvi wa namna hii na amwulize shehe wake. Sisi hatutoi fatwa.

Tulipokuwa tukiaga, mtoto mmoja wa nyumba ile aliuliza kama naye ataiona bahari. Tumewaahidi likizo ya Desemba, inshallah. Lakini swali lake lilituchoma njia nzima. Sisi tuliolelewa na uvumi wa mawimbi, ni lini mara ya mwisho tuliwachukua watoto wetu hadi ufukweni, tukawaketisha, tukawaambia: hii ni neema, semeni alhamdulillahi?

Wabillahi tawfiq.