Kalibu moja, matofali mengi: tuache kuanza hesabu za migodi ku sifuri

Wandugu vijana wa Likasi,

Sheria ya migodi ya tarehe 9 Machi 2018 iko wazi. Redevansi ambayo makampuni wanalipa inagawanywa hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% mji, komini, sekta ao sheferi kwenye mgodi uko, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15% njo inapaswa kuonekana ku shule, ku maji na ku barabara za karibu na migodi.

Lakini kuuliza feza zilienda wapi kunaomba tuwe na namba zetu. Na namba zinatufikia vibaya: hapa PDF, kule Excel, hapa franka, kule dola, mstari mmoja unasema Gécamines, mwingine GCM. Basi kila kundi, Likasi, Kolwezi, Lubumbashi, linaandika programu yake ya kusafisha uchafu ule ule. Huyu anahesabu malipo moja mara mbili, yule anasahau kubadilisha franka. Tukifika mbele ya burgumestri na namba mbili, hana haja ya kudanganya. Atasema tu: "Kwanza mupatane ninyi wenyewe."

Mufyatua matofali hatengenezi kalibu mpya kwa kila tofali. Kifurushi cha programu ni kalibu: mtu aliandika kazi, akaijaribu, akaiacha wazi wengine watumie. Kwa Python kuko pandas. Kwa dbt kuko dbt_utils, yenye kipande tayari cha kuondoa mistari inayojirudia. Vyote ni bure. Ila hakuna mgeni atakayetuandikia kifurushi kinachojua kama GCM ni Gécamines, na kama redevansi inagawanywa 50-25-15-10. Hicho ni kazi yetu. Tukiandike mara moja, wote tukitumie.

Wengine wanasema kutegemea kazi ya mtu mwingine ni hatari. Ni kweli. Machi 2016, mtu mmoja aliondoa left-pad, kifurushi cha mistari 11 tu, kwenye gala la intaneti la npm, na miradi mingi duniani ikakwama. Tena kalibu ikipinda, matofali yote yanapinda.

Njo maana tufunge toleo tunalotumia, tuweke kopi kwetu, na tulijaribu kwa hesabu ambayo jibu lake tunajua. Dola 1.000 zikiingia, lazima zitoke 500, 250, 150 na 100. Zisipotoka hivyo, tusimame. Na kiwango cha kubadilisha franka kisifichwe ndani ya programu: kiandikwe wazi, pamoja na tarehe yake, kila mtu akione.

Mwenye programu ndani ya kompyuta yake ailete, hata kama haijakamilika. Asiyejua kuandika programu alete karatasi za komini yake, na asaidie kulinganisha jibu na karatasi.

Siku tutaenda kuomba hesabu, tuende na namba moja.