Mwezi Hauenei katika Picha Moja

Miezi miwili iliyopita binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa darasa la sita, alibisha hodi mlangoni pangu akiwa na simu ya mama yake. Baba yake ni askari, na wakati huo alikuwa kazini mbali na nyumbani. Walikuwa wameahidiana kwamba usiku wa mwezi mpevu wote wawili watautazama mwezi saa mbili, kisha mtoto ampelekee baba picha inayoonyesha kreta, yaani yale mashimo ya duara aliyosomeshwa shuleni. Lakini kila alipopiga alipata duara jeupe tupu, mfano wa sahani iliyooshwa. Akaniuliza, "Mwalimu, mbona macho yangu yanaona mabaka, na simu haioni?"

Swali hilo ni jema, na jibu lake si gumu. Mwezi tunauona usiku, lakini wenyewe umo katika jua kali. Ni kitu cha mchana kilichozungukwa na giza. Simu hupima giza lote la anga, ikaingiza nuru nyingi mno, na uso wa mwezi ukapotea katika weupe. Dawa ya kwanza, basi, ni kuugusa mwezi juu ya kioo cha simu, kisha kupunguza mwangaza mpaka mabaka yatokee.

Tukafanya hivyo. Mabaka yakaonekana, lakini kreta hazikuonekana vizuri. Kosa halikuwa la simu tena, bali la usiku tuliouchagua. Askari aliyefunzwa kufuata nyayo anajua kwamba unyayo huonekana vyema asubuhi au jioni, jua likiwa chini, kwa kuwa kila kibonde hutupa kivuli. Adhuhuri nyayo hufifia. Mwezi mpevu ndio adhuhuri ya mwezi: jua huupiga usoni moja kwa moja, na vivuli hutoweka. Kreta hutafutwa mwezi ukiwa nusu, kwenye mstari unaotenga nuru na giza, maana hapo ndipo jua linapochomoza juu ya mwezi. Mwaka 1609, Galileo Galilei wa Italia aliona kwa darubini vitone vya nuru ndani ya upande wa giza wa mstari huo, akatambua kuwa ni vilele vya milima vilivyopata jua kabla ya mabonde.

Ikatubidi tungoje siku 22. Hapo tukakutana na shida ya tatu. Ukingo wa mwezi ulioelekea jua hung'aa sana, ilhali karibu na mstari wa giza nuru ni hafifu. Ukipiga picha ya kuufaa ukingo, kreta za mstarini humezwa na weusi. Ukipiga ya kuzifaa kreta, ukingo huungua. Picha moja haina nafasi ya vyote viwili. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Shida hii ni ya zamani. Katika miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alishindwa kupata bahari na mawingu kwa pigo moja, akapiga bahari peke yake na anga peke yake, kisha akaziunganisha alipochapisha. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta, nayo huitwa mbinu ya upeo mpana wa mwanga. Katika simu nyingi huandikwa kwa herufi HDR.

Mwenye kamera na lenzi ndefu aifunge juu ya miguu mitatu, aweke wepesi wa nuru kuwa 100 na tundu la lenzi kuwa 8, kisha apige picha tatu: ya sekunde 1/250, ya 1/60 na ya 1/15. Kila moja hupokea nuru takriban mara nne ya iliyotangulia. Atumie kipima muda ili kidole kisiitikise kamera, wala asikawie, kwa sababu mwezi husogea angani upana wake wote kwa dakika mbili hivi. Programu kama Hugin, ambayo hailipiwi, huzilinganisha picha hizo na kuchukua katika kila moja sehemu iliyotoka vizuri.

Sisi hatukuwa na kamera. Tuliazima darubini ya macho mawili ya jirani mwingine, sajini wa polisi, tukaifunga juu ya kigoda kwa mpira wa baiskeli, na kuiweka simu nyuma ya jicho moja la darubini. Tukapiga picha tatu, nikaziunganisha. Zikatokea Ptolemaeus na jirani zake katikati, na kusini Clavius, yenye upana wa zaidi ya kilometa 220.

Sajini akaitazama, akatikisa kichwa. "Mwalimu, hii ingeletwa kortini ningeipinga. Mmeiunga."

Nilimjibu, "Afande, kila nuru iliyomo imetoka mwezini usiku huu. Hatukuongeza kreta wala kuondoa."

"Basi semeni kwamba mmeiunga, na mzihifadhi zile tatu."

Nilikubali, kwani ana haki. Ziko simu ambazo programu yake ikiutambua mwezi huongeza undani ambao lenzi haikuuona. Kuunga vilivyoonekana ni kazi halali. Kujaza visivyoonekana ni jambo jingine. Na anayetazama picha hawezi kutofautisha asipoambiwa.

Binti akatuma picha zote nne, na chini yake akaandika ipi ni ya kuunganishwa na tumeiunganishaje. Alfajiri jibu likaja kutoka kwa baba: "Nimehesabu kreta kumi na moja. Wewe umehesabu ngapi, mwanangu?"

Alikuwa amehesabu tisa. Akaketi kuhesabu upya.

Hadi juma lijalo, nawatakieni zamu njema, na nyumba zenu ziwe na amani.